Kuna Jipya?

Jina la Nukta alilipata kazini, na alilipata kwa haki. Mwaka wake wa kwanza kliniki alikuta karatasi imeandikwa kwamba mgonjwa fulani anywe dawa ya steroidi miligramu sabini na tano kwa siku. Akagoma kuiingiza kwenye kompyuta mpaka daktari alipotoka chumbani, akavaa miwani, akaiona nukta ambayo kalamu yake mwenyewe ilikuwa imeiruka. Ilikuwa saba nukta tano. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, na hata yeye akipokea simu ya ofisini alisema, "Nukta hapa."

Alikuwa karani wa takwimu katika kliniki ya lupus. Kwa wasioujua, huo ni ugonjwa wa mwili kukosea adui: kinga iliyowekwa kulinda inageuka na kushambulia vya nyumbani, leo viungo, kesho ngozi, siku nyingine figo. Hauponi ukaisha, ila hutulizwa ukatulia, na kliniki ile ilikuwa na namna yake ya kupima huko kutulia. Kila mwezi mgonjwa alijaziwa karatasi moja, ikiitwa karatasi ya utulivu. Alama za ugonjwa zisizidi nne, na pasiwe hata moja iliyotoka kwenye figo au kiungo kingine kikubwa. Dawa za kila siku mwili uwe unazivumilia, na steroidi isipite ile saba na nusu. Daktari naye aweke alama yake kwenye mstari wa sifuri hadi tatu, isivuke moja. Na kisanduku cha sita, chembamba kuliko vyote, kiseme kwamba tangu ziara iliyopita hakuna dalili mpya. Mgonjwa akivuka vyote husemwa kwamba mwezi huo ametulia. Wagonjwa walilipenda neno hilo, wakataniana nalo kwenye benchi: "Wewe na mdomo huo, lini ulitulia?"

Ijumaa moja daktari alimwomba Nukta jedwali la miezi mitano kwa ajili ya mkutano wa madaktari. Kazi ya saa moja. Nukta akaipanga kwa tarehe, akaipanga tena kwa siku za juma, akaona jambo lililomfanya aweke kikombe chini.

Kliniki ilikuwa na siku mbili, Jumanne na Alhamisi. Alhamisi alikaa nesi mgeni, msichana mkavu, asiye na maneno ya ziada. Katika karatasi zake hamsini na tisa, kumi na tano zilikuwa na dalili mpya. Jumanne alikaa nesi mkubwa wa kliniki, ambaye wagonjwa walimwita Mama Salamu, na karatasi zake sitini na tatu hazikuwa na dalili mpya hata moja. Yaani sifuri. Nukta aliiheshimu sana sifuri, lakini hakuwahi kuiamini.

"Hilo halinishangazi," Mama Salamu alisema alipoonyeshwa, huku akijikuna shingo kwa kalamu na kujaribu kutotabasamu. "Mgonjwa akipokewa vizuri ameshapona nusu."

Daktari, mtu mpole aliyependa kuamini mazuri, alikuwa ameshaandika jambo hilo kwenye hotuba yake. Nukta alirudi mezani akajaribu kuliua swali lake mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyofanya kazi. Huenda wagonjwa wa Jumanne wana ugonjwa mwepesi? Hapana: wenye namba za witiri walikuja Jumanne, wa shufwa Alhamisi, na ugonjwa hausomi namba. Huenda dawa zao ni tofauti? Duka la dawa ni lile lile, dirisha lile lile. Vipimo vya damu navyo vilifanana pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kisanduku cha sita peke yake. Siku nzima ya Jumamosi kitu hicho kilimkaa kichwani, akaunguza sufuria mbili.

Jumanne aliwahi kazini, akakisogeza kiti chake mpaka kwenye ukuta wa plaiwudi uliomtenga na chumba cha nesi. Akajifanya hamnazo, akatega sikio.

"Karibu mwanangu, pita ukae," sauti ya Mama Salamu ilisema. "Hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na kazi?"

"Tunashukuru."

"Kuna jipya?"

"Hakuna mama, salama tu."

Kalamu ikakwaruza karatasi. Nukta alisikiliza wa pili, wa tatu, wa saba. Wengine waliulizwa habari za shamba, wengine za mtihani wa mtoto, lakini wote walifika pale pale, na wote walijibu vile vile bila kuvuta pumzi. Wa nane alikuwa mwalimu mwenye kilemba cha kijani. Alipotoka, aliketi kwenye benchi karibu na dirisha la Nukta, akamwambia jirani yake kwamba kinywa chake kimechubuka wiki nzima, hata chai anaisubiri ipoe.

"Umemwambia nesi?" jirani akauliza.

"Hajaniuliza."

Nukta aliinuka, akaenda chooni, akafunga mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikamkauka, maana alikumbuka swali lile lilitoka wapi.

Lilitoka kwake. Miaka mitatu nyuma daktari alimpa karatasi hiyo aipange upya ienee ukurasa mmoja, na kisanduku cha sita kilikuwa na upana wa vidole viwili tu. Kwenye rasimu paliandikwa: *Je, tangu ziara iliyopita kuna dalili yoyote iliyoanza au iliyorudi?* Nukta alikaa nalo asubuhi nzima, akalipiga msasa mpaka likabaki na maneno mawili: *Kuna jipya?* Alisifiwa sana. Na yeye mwenyewe alijisifu, alijisifu mpaka nyumbani. Hakufikiri kwamba swali hilo kila mtu huliuliza kila siku, dukani, kazini, mlangoni, na kwamba hakuna anayetarajia jibu. Nesi wa Alhamisi, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kusalimu, alilisoma kwa sauti ya mtu anayesoma sheria, akaongeza maneno yake, "yaani ugonjwa," na watu wakajibu. Mama Salamu, kwa adabu yake yote, alilipitisha katikati ya salamu, na watu wakajibu salamu.

Aibu ilimshika, lakini haikukaa peke yake. Nyuma yake ilikuja hofu, kwa sababu wifi yake alikuwa na namba ya witiri.

Wifi huyo, fundi saa, alikuwa mke wa mdogo wake, mwanamke mwembamba mwenye utani mwingi. Ugonjwa ulimpata mwaka ule ule alioolewa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na saba, na alichokitaka alikuwa amekisema waziwazi mbele ya watu wote mezani: mtoto. Daktari alimwekea sharti. Miezi sita mfululizo ya utulivu, ndipo wambadilishie ile dawa isiyopatana na mimba, waweke nyingine, wampe ruhusa. Miezi mitano ilikuwa imepita, yote imetulia, yote imejazwa na Mama Salamu. Wa sita ungekuwa Jumanne iliyofuata. Mume wake alikuwa ameacha hata kuficha furaha yake.

Na kulikuwa na ile saa. Nukta alimpelekea wifi saa ya mkononi ya marehemu mama yao, ndogo, ya kike, imesimama. Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Kila akiuliza anaambiwa "bado kidogo", na kila Jumapili amekuwa akimtania kwamba fundi wa zamani angeshatengeneza saa ya stesheni. Sasa utani huo ulimrudia, akauona kwa upande wake mwingine.

Jumamosi alifika dukani kwa wifi saa mbili asubuhi, muda ulioandikwa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliposogea aliona kwamba juu ya ile *mbili* kimebandikwa kipande cha karatasi, na juu yake pameandikwa *nne*. Akasubiri barazani, mkoba mapajani. Saa nne kasoro dakika tano wifi alitokea, funguo mkononi, akafungua kufuli kwa mikono miwili.

"Umekuja kudai saa yako," wifi alisema.

"Nimekuja kukusalimu."

"Wewe? Toka lini?"

Ndani palikuwa na meza yenye taa ya shingo ndefu, vibanio vimepangwa kwa ukubwa, lenzi ya jichoni imelala juu ya kitambaa. Nukta aliangalia kuta. Zilijaa saa za ukutani, za jikoni, za maofisini, kila moja ikisema muda wake. Alitazama rafu ya saa za mkononi, ile ambayo zamani ilikuwa inafurika. Ilikuwa na saa moja, ya marehemu mama, ndani ya kiberiti kitupu.

"Siku hizi hupokei ndogo?"

"Wateja wamebadilika. Wanaleta kubwa tu."

"Au wewe ndiye unazipokea kubwa tu?"

Wifi aliitazama rafu yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeipanga.

"Kuna jipya, wifi?" Nukta akauliza.

"Hakuna, salama tu."

"Sasa nakuuliza tena, na hii si salamu. Tangu ile Jumanne ya mwezi uliopita, kuna kitu chochote mwilini mwako kilichoanza, au kilichorudi?"

Saa za ukutani ziligonga, kila moja kwa wakati wake. Wifi alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akaiweka mikono mezani, akaitazama.

"Kilichorudi?" alisema. "Vidole. Asubuhi havikunjiki. Mpaka saa nne ndipo vinalegea, nikifika kliniki saa tano daktari anavibonyeza na wala haviumi. Lakini hivyo si vipya, wifi. Nilianza navyo ugonjwa huu. Navijua kama majirani."

"Viliwahi kuondoka?"

"Mwaka mzima viliondoka."

"Vikarudi lini?"

Wifi aliangalia kile kiberiti. "Ulipoleta hiyo. Nilijaribu ile skrubu ya nyuma mara mbili, ikanidondoka mara mbili. Nikasema nitaifanya kesho." Kisha akauliza taratibu, "Umekuja kama wifi au kama Nukta?"

Nukta alimweleza yote: sitini na tatu, sifuri, ukuta wa plaiwudi, mwalimu wa kilemba cha kijani, na swali la maneno mawili ambalo yeye mwenyewe alilitunga na kusifiwa. Wifi alicheka mahali palipochekesha. Halafu akaelewa, na uso ukambadilika.

"Nikisema, narudi sifuri."

"Ndiyo."

"Nisiposema, Jumanne napewa ruhusa."

"Ndiyo."

"Ni vidole tu, wifi. Mtoto habebwi kwa vidole."

"Leo ni vidole," Nukta alisema. "Wanakuondolea dawa inayouzuia ugonjwa, halafu unauongezea mwili mzigo wa mimba. Ukiwa umetulia kweli, daktari anasema wengi wanavuka salama. Ukiwa umetulia kwenye karatasi tu, mimi sijui nini kitatokea, na yeye hajui. Mimi namtaka mtoto huyo. Nakutaka na wewe."

"Utamwambia daktari?"

"Jumatatu nitamwambia kuhusu swali. Hilo ni kosa langu na ni la wagonjwa wote. Vidole ni vyako. Jumanne utaulizwa, na jibu utatoa wewe."

Wifi hakumsindikiza mlangoni.

Jumatatu Nukta alikiri mbele ya daktari na Mama Salamu, kwa maneno machache, akiwa amesimama. Daktari alivua miwani, akairudia ile namba mara mbili kwa sauti ya chini, "Sifuri kwa sitini na tatu," kisha akachukua hotuba yake na kukata aya nzima. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa chumba katika nyumba aliyodhani anaijua. Aliyeumia ni Mama Salamu.

"Kwa hiyo miaka yote nimekosea kusalimu watu."

"Salamu zako hazina kosa, mama," Nukta alisema. "Swali langu ndilo lililojificha humo."

Mama Salamu alikunja uso mpaka saa ya chakula. Baada ya chakula alikuja na kalamu, akataka aonyeshwe swali jipya, akalalamika kwamba halienei kwenye kisanduku. Wakakubaliana lipite pembeni ya mstari, liharibu ukurasa, liwe wazi.

Jumanne wifi alifika saa tano, kama kawaida yake. Alipita mbele ya dirisha la Nukta bila kutazama. Nukta angeweza kukiondoa kiti chake ukutani. Hakukiondoa.

Salamu zilikwenda kama zinavyokwenda: nyumbani, mume, kazi. Halafu Mama Salamu alikohoa, kiti kikalia, na sauti yake ikawa nyingine kabisa.

"Sasa mwanangu, salamu zimeisha. Hili ni swali. Tangu ulipokuja mara ya mwisho, kuna dalili yoyote iliyoanza, au iliyorudi?"

Nukta aliushika ukingo wa meza. Kwenye benchi mtu alipiga chafya, mwingine akamtakia heri, na kule ndani bado palikuwa kimya. Kwa muda huo Nukta hakujua tena yeye mwenyewe anaomba jibu gani.

"Iliyorudi," wifi alisema. "Vidole. Mwezi wa tatu sasa. Na kinywa kimechubuka mara mbili, nilidhani ni chumvi." Halafu akaendelea, na akaendelea, mpaka watu wa kwenye benchi wakaanza kuulizana kama kuna mtu anazaa mle ndani.

Hesabu yake ilirudishwa mwanzo siku hiyo hiyo. Daktari alibadilisha kipimo cha dawa zake, akampangia aje asubuhi mapema na si saa tano, vidole vionekane vilivyo. Wifi alitia sahihi kila alichopewa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hakumsemesha Nukta miezi miwili. Salamu zilipitia kwa mume wake, ambaye naye alizileta kwa sauti ya kutumwa: "Anasema hajambo." Nukta alijibu kwamba naye hajambo. Hakuwa hivyo. Usiku alijiuliza kama angelifunga lile jedwali Ijumaa ile na kwenda nyumbani, nani angejua.

Kliniki nayo ilionekana kuharibika. Foleni ya Jumanne ilirefuka, kwa sababu watu walioulizwa kweli walijibu kweli, na kwenye chati ya daktari idadi ya waliotulia ilishuka. Mkutanoni waliitaka sababu. Daktari aliwaambia wagonjwa hawakuzidi kuumwa, ila kliniki ndiyo iliyoanza kusikia, na wenzake wawili wakaomba nakala ya karatasi. Mwalimu wa kilemba cha kijani alipata dawa ya kinywa. Nesi wa Alhamisi akaanza kujifunza kusalimu, kwa shida.

Jumanne moja, mwezi wa tatu tangu siku ile, saa mbili kamili asubuhi, Nukta alikuwa bado anafungua dirisha lake alipoona kiberiti kikisukumwa chini ya kioo. Alikifungua. Saa ya marehemu mama ilikuwa inatembea.

"Inachelewa dakika mbili kwa siku," wifi alisema, akiangalia pembeni. "Nitairekebisha wiki ijayo."

"Skrubu ya nyuma?"

"Leo saa moja asubuhi. Kabla ya chai." Akanyanyua mkono wa kulia mbele ya kioo, akaukunja ngumi, akaukunjua, akaukunja tena, bila haraka.

Nukta alitaka kusema mengi, yakagombania mlango. Likatoka la mazoea. "Kuna jipya, wifi?"

"Unaniuliza kama nani?"

"Kama wifi."

"Basi hakuna, salama tu," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alicheka. Akaitwa, akaingia.

Nukta aliifunga saa mkononi. Nyuma ya plaiwudi salamu zilipita moja moja mpaka zikaisha, kiti kikalia, na swali likaulizwa kwa urefu wake wote. Safari hii wifi alikaa kidogo akifikiri kabla ya kujibu.

"Hakuna iliyoanza," alisema. "Hakuna iliyorudi."

Karatasi ilimfikia Nukta mchana, imeshapita kwa daktari. Mwezi wa kwanza wa utulivu, bado mitano. Aliingiza alama, dawa, mstari. Alipofika kisanduku cha sita alibonyeza sifuri, akaitazama kwa muda, akaiamini.